Ua Moja Jekundu Juu ya Kagunga

Ilianza siku ya Jumamosi, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Nilikuwa nimeingia ndani kuangalia saa ya ukutani, kwa sababu saa tatu nilikuwa na kipindi cha ziada cha hesabu, na nilipotoka na ndoo ya maji ya kufulia nikamkuta Baba amesimama kwenye uzio wa mama mdogo, mtaa wa Gungu mjini Kigoma, amevaa koti la suti juu ya jezi. Hakuwa amebisha hodi. Alikuwa ananitazama mikono.

Baba ni kinyozi. Kwenye kambi ya wakimbizi anakoishi ana kibanda cha turubai chenye kioo kilichopasuka katikati, na kila aliyewahi kukaa kwenye kiti chake anajua tabia yake: humtazama mtu kucha na kisogo kabla ya kumtazama uso. Nilipokuwa mdogo, kila Jumapili kabla ya misa alinikalisha kwenye kile kiti akanisafisha kucha kwa njiti ya kiberiti, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua mchele.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Kucha hizo zimelima shamba la nani?"

"Ni masizi ya sufuria."

"Haya. Leo zitachafuka vizuri zaidi."

Alikuwa na kibali cha siku tatu cha kutoka kambini, kimekunjwa ndani ya Biblia. Jumatano ya wiki inayofuata jina lake lilikuwa kwenye orodha ya malori ya kurudi kwetu. Hilo nilikuwa nalijua tangu mwezi wa nane. Nilikuwa najua pia kwamba mimi ningebaki kwa mama mdogo mpaka nimalize kidato cha nne, na nilikuwa nimeshalilia jambo hilo chooni, ambako ndiko ninakolilia mambo yangu, mpaka nikaona nimelizoea. Nisilolijua ni kwamba kabla ya Jumatano alitaka kwanza kupita Kagunga.

"Siwezi kuvuka mpaka mikono mitupu," alimwambia mama mdogo, ambaye alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. "Watu wa kwenye kilima chetu wataniuliza, mke wako umemwacha wapi. Nitawaonyesha nini?"

Akatoa mfukoni kipande cha kitenge, kijani na njano, kimefuliwa mpaka kikawa laini kama karatasi ya zamani. Ni kitenge cha Mama. Kwenye ukoo wetu, mtu akifia mbali, wanaobaki huchukua udongo wa kaburi lake wakaulaza nyuma ya nyumba ya kwao pamoja na wengine. Mpaka hapo msiba unahesabiwa bado uko wazi. Msiba wetu ulikuwa wazi kwa miaka tisa. Baba hakuoa tena. Wateja wake walimtania kwamba wembe wake umemla ndevu na hamu ya mke pia, naye alicheka nao, akaendelea kunyoa.

"Na anayejua mahali," akasema, akininyooshea kidole kwa fahari kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake mnadani, "ni huyu peke yake."

Mama mdogo alinitazama. Marehemu alikuwa dada yake. "Unapakumbuka kweli?"

"Ndiyo," nikasema.

Sikuwa nadanganya. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Tulipofika Kagunga mara ya kwanza nilikuwa na miaka saba. Tulivuka kwa miguu kutoka upande wa kwetu pamoja na watu wengi, tukashukia ufukweni, tukakaa. Mbele yetu ziwa, nyuma yetu mlima, na katikati mchanga mwembamba uliojaa watu, vyungu na magodoro. Tulingoja meli ya kutupeleka Kigoma. Siku ya tatu Mama alianza kuhara. Siku ya nne Baba naye. Siku ya tano Mama alikuwa amefunikwa shuka, na Baba alikuwa amelala chini ya plastiki, hawezi kuinua hata kichwa.

Wanaume wawili wa kijijini walimbeba Mama juu ya mlango wa mbao. Makaburi yalichimbwa mlimani kwa sababu ufukweni maji yalikuwa karibu. Baba alinishika kifundo cha mguu, maana ndicho kilichokuwa karibu na mkono wake, akasema kwa Kirundi: wewe ndiye macho yangu, nenda, ushike mahali.

Nikaenda. Sikulia njiani, nilikuwa nafanya kazi. Walipomaliza kufukia nikatafuta kitu cha kushika. Msalaba haukuwepo, kwa sababu mti ufukweni ulikuwa ni kuni, usingemaliza usiku. Majiwe yalikuwa mengi na yote yamefanana. Majani yalikuwa yameungua, mlima mzima ni mweusi. Na pale, hatua moja kutoka kichwani kwa Mama, kulikuwa na ua.

Lilikuwa limetoka ardhini bila jani hata moja. Kikonyo kinene kama kidole gumba, na juu yake kichwa cha duara, chekundu, kama mpira uliosukwa kwa nyuzi, na kila uzi una vumbi la njano kwenye ncha. Nikageuka huku na huku. Mlima mzima mweusi, na ua lile peke yake. Hakika ya mtoto wa miaka saba ni kubwa kuliko ya padri. Nikashuka nikamwambia Baba, nimepashika. Hakuniuliza kwa alama gani. Kesho yake meli ilikuja ikatuchukua.

Kambini hakukuwa na maua. Palikuwa na ardhi iliyofagiliwa na mbuzi waliokula kila kilichochomoza. Kila mwaka, siku ile ya Mama, Baba aliniuliza, "Bado unapaona?" nami nikajibu kwa Kirundi, "Ego," yaani ndiyo. Nikifumba macho nililiona ua, na chini yake Mama, na sikuona sababu ya kumweleza mtu. Mimi si msemaji. Nilipokuja Gungu kusoma, mwalimu wa baiolojia wa kidato cha kwanza alileta darasani kitunguu akakipasua kwa kisu cha mkate, akatueleza kwamba iko mimea inayolala ardhini kiangazi chote kwenye tunguu kama kile kitunguu, moto ukapita juu yake, na mvua ikikaribia ikaamka. Alisema hurudi palepale. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo mara mbili. Baadaye wenzangu walipokopa daftari langu walidhani ni swali la mtihani, nao wakapiga mstari.

Boti iliondoka Kibirizi saa nne. Kipindi cha hesabu sikuwahi hata kukiombea ruhusa. Ilikuwa boti ya mbao yenye mashine nyuma, imejaa magunia ya unga, kreti za soda, kinamama wanaorudi kutoka soko la Mwanga na godoro moja ambalo kila mtu alitaka kulikalia. Baba alikaa juu ya kisanduku chake cha unyozi. Haendi popote bila hicho kisanduku.

Mama mmoja mnene mwenye tenga la nyanya alimchunguza koti, kisha viatu, kisha akasema, "Mzee wa kambini, wenzako wanarudi kwao kwa lori, wewe unapita majini. Kagunga umesahau nini?"

"Nimemwacha mke," Baba akasema.

"Lini?"

"Mwaka wa tisa huu."

Boti nzima ikacheka. "Wanaume nyie," yule mama akasema, akijifuta macho kwa kanga. "Miaka tisa. Atakuwa ameshaolewa na mvuvi, ana watoto sita."

"Huyo hakuolewa," Baba akasema. "Tabia yake naijua. Akikaa mahali, amekaa."

Wakacheka tena, na Baba akacheka nao, nami nikageukia maji. Aliyeelewa kwanza ni kijana wa mashine. Alimtazama Baba, akaitazama milima iliyo mbele, akapunguza moto wa mashine kidogo bila sababu. Yule mama naye akaelewa baadaye. Tulipokaribia Kagunga alichagua nyanya nne nzuri akaziweka mapajani mwangu.

Tulishuka saa tisa na nusu. Mchanga wenyewe ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka, na hapakuwa na watu, palikuwa na dagaa. Wameanikwa kila mahali, wanang'aa. Mama mmoja aliyekuwa akiwageuza kwa fagio ndiye aliyekubali kutulaza. Alikuwa na umri ambao Mama angekuwa nao. Baba alimwambia tumefuata nini, naye hakushangaa.

"Pandeni sasa, jua bado lipo. Moto ulipita huko mwezi uliopita, njia iko wazi." Akampa Baba kijembe kifupi. "Mwenyeji wenu nani? Nani anayejua mahali?"

"Huyu," Baba akasema, akaniwekea mkono begani.

Yule mama alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa, akarudi kwenye dagaa wake.

Mlima unaanzia pale mchanga unapoishia. Nilitangulia. Miguu yangu iliijua njia, hilo ndilo lililonidanganya: kijito kiko upande uleule, na lile jiwe lenye mgongo kama kobe nililoshikiwa mkono kupanda sasa nililiruka. Nyuma yangu Baba alikuwa anahema na kuongea. Alisema Mama alipenda sehemu za juu. Alisema akifika nyumbani atamlaza upande wa jua la asubuhi. Alisema, unaona, Mungu alijua, alikupa wewe kichwa cha kushika mambo. Nilikuwa natembea na ua langu moja kichwani, na moyo ukidunda kwa furaha, nakiri, furaha kabisa, kama mtu anayekwenda kupokea zawadi darasani.

Njia ikapinda kwenye bega la mlima, na mteremko wote ukatokea.

Ulikuwa mwekundu.

Sijui niliandikeje hili. Kuanzia miguuni petu mpaka kule juu mlima unapokutana na mawingu, kwenye ardhi nyeusi ya moto, yalikuwa yamesimama maua. Yote ya duara, yote mekundu, yote bila jani. Mengine yamekaa mawili mawili, mengine makundi kama watu waliotoka kanisani. Upepo wa ziwa ulipopanda yakatikisika pamoja. Kama ningekuwa mtu mwingine, nimekuja na shule yangu kutembea, ningekaa chini nikashukuru kuzaliwa.

Baba alivua kofia. "Ee Mungu wangu," akasema taratibu. "Kumbe amelala kwenye bustani."

Hakujua. Sikuwahi kumwambia kwamba alama yangu ni ua. Kwake yeye ule uzuri ulikuwa ni habari njema aliyofichwa miaka tisa. Uso wake ulilainika nikauona jinsi ulivyokuwa kabla ya kambi, uso ambao sikumbuki kama niliwahi kuuona. Akageuka kwangu na uso ule ule.

"Wapi?"

Nilitembea. Nilikwenda kushoto, nikarudi kulia. Nilitafuta hatua moja kutoka kichwani, lakini kichwa cha nani? Ardhi ilikuwa na mabonde madogo marefu, mengi, yameshuka chini kama vitanda vya kamba vilivyolegea. Palikuwa na ua kwenye hili, ua kwenye lile, ua katikati yao. Nikasema moyoni, Mama, nionyeshe. Niliona aibu kwa kumwomba, kwa sababu kazi ilikuwa yangu.

Baba alikuwa amesimama na kijembe mkono mmoja na kitenge mkono mwingine. Alikuwa anatabasamu.

"Hapa," nikasema.

Kulikuwa na ua kubwa karibu na jiwe jeupe. Nililichagua kwa sababu lilikuwa zuri.

Akapiga magoti. Hakuchimba mara moja. Aliweka kiganja chini, akaanza kuongea na Mama kwa Kirundi, sauti ya kawaida, kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani anayeeleza sababu. Alimwambia kwamba bibi yangu alifariki kambini, na alipata wa kumlilia. Alimwambia nyumba ilibomolewa lakini wanasema migomba bado ipo. Alimwambia mimi nimefika kidato cha tatu, ni mpole kama yeye, sisemi, lakini sisahau. Alimwambia hajui kupika maharage mpaka leo, yanaungua chini na kubaki mabichi juu. Halafu akasema, "Amka twende."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sentensi moja tu ilitakiwa itoke mdomoni mwangu. Nimejibu maswali ya mitihani marefu kuliko hiyo. Nilifungua mdomo, nikauona mgongo wa lile koti, ulivyokuwa unatetemeka, nikaufunga.

Aliinua udongo kwa kijembe, na tunguu la ua likatoka nalo, jeupe, lenye mizizi kama ndevu. Akalipangusa kwa kidole gumba. "Na hili twende nalo," akasema. "Lilimlinda." Akaufunga udongo na tunguu ndani ya kitenge, akafunga mafundo mawili, akakipakata njia nzima kushuka. Ua lenyewe, kichwa chake chekundu, alinipa mimi nilishike.

Jioni ile kijana wa mashine alikuja kuomba kunyolewa, wakakaa nje mlangoni na Baba wakitumia mwanga uliobaki. Nilimsikia Baba akipiga soga. Alikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Mimi nilikaa jikoni na mwenye nyumba tukichambua dagaa, vichwa upande huu, mchanga upande ule.

"Mlipaona?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Ulipajuaje?"

Sijui kwa nini nilimjibu mgeni nisichoweza kumjibu Baba. Labda kwa sababu hakuwa ananitazama. "Kulikuwa na ua," nikasema. "Siku ile. Lilikuwa moja tu."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Sisi tunayaita maua ya moto," akasema. "Moto ukishapita, linatoka moja. La kwanza huwa linatoka peke yake, mahali popote linapotaka. Ukikaa wiki, wiki na nusu, yanatoka yote. Yanakaa siku chache, yanakufa, na majani mapya yanafunika. Kila mwaka hivyo. Hata watoto wa hapa wanajua." Akachambua dagaa wawili watatu. "Ninyi mlikuwa hamkai. Siku tano, siku sita, meli inawachukua. Mtu analiona la kwanza, anasema ndilo hilo."

Niliendelea kuchambua, vichwa upande huu.

"Si wewe peke yako. Mwaka juzi alikuja mzee mmoja na fimbo, anamtafuta mwanaye. Na yeye alikuwa anatafuta ua. Alikaa kule juu mpaka jua likazama, akashuka, akaniuliza nani ameyapanda haya mengine."

"Ukamwambia nini?"

"Nikampa ugali. Ningemwambia nini?"

Nje Baba alikuwa anamwambia kijana wa mashine ageuze shingo, na kijana akisema, polepole mzee, hilo sikio nalihitaji.

"Hakuna daftari lililoandikwa?" nikauliza. "La nani kalazwa wapi?"

"Waliochimba ni watu wa hapa. Walichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mmoja alishakufa, mwingine kahamia Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Makaburi ni mteremko wote ule, mwanangu." Akanyanyua ungo, akapuliza. "Mimi mdomo wangu ni wa kuuzia dagaa. Babako simwambii kitu. Lakini Jumatano anaondoka nao huo udongo, na wewe unabaki."

Nilijua angefika kwenye kilima cha kwetu, watu wangekusanyika, angechimba shimo upande wa jua la asubuhi, angemzika chini yake mwanamke asiyemjua, au mtoto wa mtu, au ardhi tu. Angepanda lile tunguu juu. Na kila mwaka likichanua, angeliita mke wake. Mimi ningekuwa Gungu, au popote, nikijua. Baba angezeeka ndani ya uongo wangu, akiniombea baraka kwa kuwa na kichwa cha kushika mambo.

Nililala bila kulala. Baba alikuwa amekiweka kitenge karibu na kichwa chake.

Asubuhi, Jumapili, niliamka kabla yake. Boti ilikuwa iondoke saa mbili. Nilifungua kitambaa changu cha kichwa, kile cheupe cha kwaya, nikapanda mlima peke yangu.

Jua lilikuwa bado upande wa pili. Maua yalikuwa na umande, na kwenye ukungu, wekundu wake ulikuwa umezima kidogo, kama makaa yenye majivu. Mengine yalikuwa yameanza kunyauka toka jana. Nilianzia chini kabisa, kwenye ua la kwanza upande wa kijito. Nikapiga magoti, nikachimba kwa vidole, nikachukua udongo kidogo, kiasi cha chumvi ya mboga, nikauweka kwenye kitambaa. Halafu nikaona siwezi kumchukulia mtu udongo bila kumwamkia. "Shikamoo," nikasema. Nikaenda kwenye la pili. "Shikamoo."

Hivyo, ua kwa ua. Niliyaruka machache mwanzoni, halafu nikarudi kuyafuata, kwa sababu ningejuaje. Yale mabonde mafupi, ya kitoto, sikujua niwaamkieje. Niliweka tu kiganja. Palipokuwa na bonde bila ua nilichukua pia. Ardhi iliyoungua ni laini juu, chini ni ngumu na yenye changarawe, ukucha mmoja ukakatika, mwingine ukatoka damu. Nilikuwa nimesema shikamoo nyingi kuliko nilizosema mwaka mzima. Kwenye mojawapo, sitajua ni ipi, niliyemwamkia alikuwa Mama.

Kitambaa kilipokuwa kizito nikakifunga, nikashuka.

Baba alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, koti amevaa, kisanduku miguuni, kitenge mapajani. Wenye boti walikuwa wanapakia magunia ya dagaa. Aliponiona alitabasamu, kisha akakiona kitambaa, kisha mikono yangu.

"Umetoka wapi?"

"Juu."

"Kufanya nini? Udongo si tunao."

Niliweka kitambaa mchangani kati ya miguu yake. "Baba," nikasema, "mimi sipakumbuki."

Alingoja.

"Niliweka alama ua. Lilikuwa moja. Sikujua kwamba yako mengi. Jana nilionyesha tu. Leo nimechukua kila mahali. Kila penye ua, na pengine. Yumo. Ila sijui ni upi."

Baba aliutazama mlima. Kutoka ufukweni mteremko wa maua hauonekani, bega la mlima linauficha. Unaona miamba na miti tu. Kijana wa mashine aliita, "Mzee, tunaondoka," akamwona, akaenda kufunga kamba iliyokuwa imeshafungwa.

"Na huu wa jana?" Baba akauliza, mkono juu ya kitenge.

"Huenda. Sijui."

Uso ule laini wa jana ulikuwa umeondoka. Niliuona ukiondoka, na niliyeuondoa ni mimi. Machozi yalimtoka bila sauti, hakuyafuta. Alifungua mafundo ya kitenge, moja, la pili. Akafungua kitambaa changu. Akamwaga wangu juu ya wake, polepole, akiziba upepo kwa mwili wake, na tunguu likafunikwa humo ndani likapotea. Akaanza kufunga. Halafu akasimama katikati ya fundo.

Akafungua kisanduku chake, akatoa kiberiti, akachagua njiti. Akanishika mkono wa kulia akaugeuza. Chini ya kucha zangu kulikuwa na udongo mweusi. Akaanza na kidole kidogo, akakwangua taratibu pale palipokatika, akakung'uta njiti juu ya kitenge ili hata ule usipotee. Kisha kinachofuata. Kichwa chake kilikuwa kimeinama karibu na mkono wangu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

Alipomaliza kidole gumba, nikampa mkono wa pili.